Barua ya wazi kwa mabosi wa Bake Off ya Kenya: siku mkirudi, kujeni na jiko

Kwa mabosi wa The Great Kenyan Bake Off, lile shindano la kuoka la TV, na nyinyi watu wa televisheni, na nyinyi pia mnaoshika ile leseni ya shoo kutoka Uingereza,

Salamu kutoka Umoja. Naandika hii saa tano usiku, keki ya mteja iko ndani ya oveni na mita inasoma yuniti nne, kwa hivyo barua ikikatika katikati mjue ni tokeni imeisha, si kwamba nimekosa la kusema.

Kwanza niwape haki yenu. 2019 mlipoleta hii kitu KTN sisi tulikaa chini tukaangalia. Tulikuwa kwa jirani, yeye ndiye ako na TV kubwa kwa hii ploti, wanawake sita na kijana keateka wa ploti ambaye alisema amekuja kuangalia soketi, akakaa mpaka mwisho na akakula keki vipande vitatu. Tulikuwa tumezoea mashindano ya kuimba. Project Fame tuliipenda sana, ile ya zawadi ya milioni tano, na bado kuna watu mtaani wanabishana ni nani alinyimwa haki. Lakini mtu kusimama kwa TV akipigana na unga, mikono imejaa siagi, jasho linamtoka, hiyo ilikuwa mpya kwetu. Kwa hivyo msisome hii kama mtu amekuja kuwaponda, mimi ni mtu wenu.

Nataka kitu kimoja tu na nitakirudia mpaka mchoke. Siku mkirudi, ule mtihani wa kushtukiza uwe wa mikate yetu, na upikwe kwa jiko la makaa.

Kwa wale wanasoma na hawajui hii shoo inaendaje: raundi huwa ni tatu. Ya kwanza unaoka kitu chako, kile umezoea, umefanya mazoezi nyumbani mpaka watoto wamekataa kukionja. Ya mwisho ni ile ya mbwembwe, keki iko na ghorofa, maua, sijui daraja la biskuti. Katikati ndio iko ile ya kushtukiza. Unaingia, unakuta viungo vimefunikwa na kitambaa, unapewa resipe imekatwakatwa, mahali pengine imeandikwa tu "oka", haisemi dakika ngapi wala moto kiasi gani. Halafu majaji wanakuja kuonja bila kujua ni ya nani. Wanapanga kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza. Hapo ndio unajua nani anaelewa unga na nani alikariri video.

Sasa hebu turudi mwanzo kabisa. Hii shoo ilianza Uingereza Agosti 2010, BBC Two, na mtihani wa kushtukiza wa kwanza kabisa mnajua ulikuwa wa nini? Victoria sandwich. Keki mbili za kawaida na jamu katikati, keki ya kupikwa na nyanya yako, keki ya chai ya jioni. Hawakuanza na kitu cha hoteli kubwa ya Paris. Walianza na kitu ambacho kila mtu kule alikula akiwa mtoto, na ndio maana watu waliangalia, kwa sababu kila mama kwa nyumba alikuwa anaongea na TV akisema wewe, hiyo umekoroga sana. Mpaka 2015 fainali ambayo Nadiya Hussain alishinda ikaangaliwa na watu zaidi ya milioni 13. Siri ya hii shoo iko hapo. Mtu wa nyumbani lazima ajue kuliko mshindani.

Na huku kwetu, mtu wa nyumbani anajua nini? Ukimwekea mama wa Kayole keki ya tabaka kumi na mbili za kioo cha sukari atasema wuueh, inapendeza, halafu ataenda kuangalia kama maharagwe yanaungua. Lakini ukimwekea mahamri ambayo haikufura, atasimama. Ataita watu.

Wacha niwaambie kuhusu nyanya yangu. Alikuwa anauza mahamri na mbaazi Majengo, hapo Pumwani, na kila Ijumaa alikuwa anapika mkate wa kumimina, wengine wanauita mkate wa sinia. Mchele unalowekwa Alhamisi. Unasagwa na tui zito la nazi, sukari, iliki, hamira kidogo, basi, ngano haimo, siagi haimo, maziwa ya ng'ombe hayamo. Halafu unafunikwa uachwe ufure. Shida ni kwamba Nairobi mwezi wa saba hakuna kitu kinafura, ile baridi si mchezo, kwa hivyo sufuria ilikuwa inalala na sisi. Sifanyi mzaha. Imefungwa na leso mbili, iko katikati ya kitanda, sisi watoto watatu tumeizunguka na tumeambiwa atakayeipiga teke hatakula. Asubuhi ukifunua unakuta imejaa vishimo juu, na ile harufu ya uchachu na iliki, mpaka leo nikiisikia nakuwa na miaka saba.

Halafu jiko. Anaweka sufuria juu ya moto wa kadri, anapaka mafuta, anamimina, anainamisha sikio. Uji ukianza kutoboka juu unatoa kasauti, tss tss, hapo ndio anatoa makaa ya chini anabakisha matatu manne, anafunika na sinia la bati, na yale makaa mengine yote anayapalia juu ya sinia. Hana saa, hana kipimo. Alikuwa anaweka kiganja juu ya moto bila kugusa na anahesabu kimoyomoyo, akifika saba na mkono bado uko pale anasema huu moto umelala, ongeza. Na kukagua kama umeiva alikuwa anatumia njiti ya ufagio wa makuti, ufagio mpya tafadhali, ulikuwa umetundikwa kwa msumari wake na haukuwahi kugusa sakafu.

Nawaambia hivi kwa sababu nikiangalia msimu wa 2015 wa Uingereza nakuta walifanya wiki nzima ya vyakula vya watu wasiokula ngano, sukari ama maziwa. Washindani wakapewa mtihani wa kushtukiza wa mkate wa pita usio na ngano, wakahangaika, wengine ikawapasukia. Nilicheka nikaweka kikombe chini. Yaani wiki nzima ya TV, na nyanya alikuwa anafanya hiyo kitu kila Ijumaa hapa Pumwani na anauza kipande kwa bei ya soda.

Sasa kwa nini nawaandikia nyinyi. Miaka michache iliyopita nilienda shindano fulani la kuoka, si lenu, na waliolifanya siwataji, lilikuwa ndani ya mall. Fomu yao ilikuwa na mahali pa kujaza aina ya oveni yako. Wakati huo sikuwa na oveni. Nikaandika jiko. Dada mmoja akanipigia simu, akaniuliza nilimaanisha kuka ya gesi? Nikamwambia hapana dada, jiko la makaa. Kukawa kimya kidogo halafu nikasikia anamwambia mtu pembeni na wote wakacheka, si cheko mbaya sana, ile cheko ya mtu ameona kitu kizuri cha kusimulia lanchi. Wakaniruhusu nije na kitu tayari kimeokwa.

Nikaenda Marikiti kuchagua nazi, nikatingisha moja moja kusikiza maji. Nikapika usiku. Asubuhi nikapanda matatu na mkate kwa mapaja umefungwa na leso, na kondakta akataka nilipie kiti cha pili sababu sikutaka uwekwe chini. Nilifika mkate bado ni vuguvugu. Jaji akachoma na uma, akaufinya pembeni, akauliza, hii haijaiva vizuri? Nikamwambia ndivyo ulivyo, ni wa mchele, huwa na unyevu na vishimo vya kusimama. Akasema alitegemea uwe mwepesi kama sponji. Akaniandikia nne kwa kumi. Nilirudi na mkate wangu, na yule kondakta, ilikuwa matatu ile ile, akaomba kipande, akamaliza nusu yote kabla hatujafika stegi ya Umoja. Nauli hakuniuliza.

Simlaumu yule jaji hata. Alipima kitu na rula ya kitu kingine. Ndio naogopa yasije yakawa hivyo kwenu, kwa sababu nyinyi mnakuja na fomati ambayo imeshaandikwa, iko na kitabu chake cha sheria, na kitabu kikitoka mbali kinakuja na keki zake.

Na si keki tu, kinakuja na hewa yake. Hii hakuna mtu huwa anasema. Nairobi tuko karibu mita 1,795 juu ya bahari. London iko chini kabisa. Huku hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwa nyuzi kama 94 si 100, na beking pauda inafanya kazi kama imetumwa: keki inapanda haraka haraka kabla haijashika, halafu inazama katikati kama godoro la hosteli. Mimi nilitupa keki karibu mwaka mzima nikidhani mkono wangu ni mbaya. Nilikuwa nafuata resipe ya Uingereza neno kwa neno. Mpaka mama mmoja fundi wa keki za harusi Eastleigh akaniambia punguza beking pauda robo, punguza sukari kidogo, ongeza vijiko viwili vya maziwa, moto upandishe kidogo. Siku hiyo hiyo keki ikasimama.

Kwa hivyo fikirieni mshindani ametoka Mombasa. Kwao anaokea usawa wa bahari, keki yake imenyamazisha majirani wote wa Tudor, amekuja huku na vipimo vyake vile vile, inazama mbele ya kamera na jaji anamwambia hukupima vizuri. Amepima sawa kabisa. Ni vile amepanda mlima na hakuna aliyemwambia. Tafadhali, hata kama hili la jiko mtalikataa, hilo la mwinuko waambieni washindani wote mapema, na muwape siku ya kujaribu oveni zenu kabla ya kurekodi.

Sasa najua mtasema nini. Mtasema mahamri yanakaangwa, hayaokwi, na hii ni shoo ya kuoka. Haya. 2016 wenyewe Waingereza walikuwa na wiki ya rojo, yaani unga mwepesi wa kumimina, washindani wakapika chapati za maji kwa kikaango, zile zimechorwachorwa kama lesi, halafu raundi ya mwisho wakakaanga churros kwa mafuta. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wamekaanga donati. Kama donati inaingia kwa lile hema wanalookea washindani, mahamri imekosea wapi? Mahamri ni ngumu kuliko donati, niwaambie ukweli. Lazima ifure iwe tupu ndani, ngozi iwe nyembamba, tui lisikike lakini mafuta yasisikike, na pembe zote tatu zibaki pembe. Ukikanda kidogo inakuwa mandazi, ukiweka hamira nyingi inanuka pombe, mafuta yakipoa kidogo inakunywa yote. Wapeni watu kumi na wawili unga kilo moja moja na nazi nzima isiyokunwa, msiwape resipe, mwone. Nusu yao watakwama kwa mbuzi ya kukunia nazi.

Mtasema moshi. Makaa yakishika vizuri hayana moshi, lakini hewa yake ni sumu, na kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko ndani hawakuamka. Kwa hivyo raundi hiyo ifanyike nje, si ndani ya hema. Kumi na mbili kwa mstari, nyasi, jua la saa nne, washindani wanapepea na kipande cha katoni. Nyinyi watu wa kamera si ndio mnapenda picha? Hiyo ni picha hamtapata kwa oveni ya ukutani hata mkilipa. Na hili jiko la bati nje na udongo ndani si kitu cha kuonea aibu, lilibuniwa huku miaka ya 1980 kupunguza makaa, na nchi zingine Afrika zikaliiga. Ni teknolojia yetu.

Mtasema leseni hairuhusu. Hapo sikubali. Wafaransa wanayo shoo hii hii tangu 2012 na hata jina la Kiingereza hawakutaka, wanaiita Le Meilleur Pâtissier, wakajaza vitu vyao vya krimu na hakuna aliyewapeleka kortini. Kama Mfaransa aliruhusiwa kuwa Mfaransa, sisi tunaogopa nini?

Na niwakumbushe kitu kimoja cha kuchekesha. 2022 Waingereza walijaribu wiki ya Mexico. Watangazaji wamevaa makofia yale makubwa, maneno yanatamkwa ovyo, na mshindani mmoja akamenya avokado kama anamenya kiazi, na kisu, ngozi inatoka vipande vipande. Mimi na avokado zetu za Murang'a nililia. Watu wa Mexico walikasirika, na mwaka uliofuata wenye shoo wakasema hizo wiki za mataifa basi. Kwa hivyo pia mkileta mikate yetu msiilete kama maonyesho, ati wiki ya utamaduni, watu wamevalishwa mashuka na kuna ngoma nyuma. Hapana. Iweke tu hapo katikati ya msimu, wiki ya tatu, siku ya kawaida, kitambaa kifunuliwe na chini yake kuna mchele umelowekwa.

Lakini hapo mtahitaji jaji. Na hapa sitabembeleza: angalau mmoja awe mtu aliyewahi kuuza mahamri na ikabaki. Mtu ambaye ikibaki hakuna karo. Huyo hahitaji uma. Anaishika, anairarua, anaangalia ndani, anajua ulikanda dakika ngapi na ulikuwa na haraka ya nini. Wako wengi, wako Majengo, wako Kibera, wako South C na oveni za milango miwili, na wengi wao wakiongea Kiswahili wanachekesha kuliko watangazaji wowote, kwa hivyo pia waacheni waongee, msiwalazimishe Kiingereza cha interviu.

Zawadi sitaongea sana. Kule Uingereza mshindi anapewa maua na standi ya keki, hakuna pesa, na wanasema ndio utamu wenyewe. Huku standi ya keki landilodi haikubali. Pesa nyingi hata si lazima, nunueni oveni nzuri ya gesi na mikseri ile ya kusimama, mtu aanze kazi.

Ngoja niangalie keki.

Imeshika. Yuniti mbili.

Kuhusu jiko zenyewe, msinunue supermaketi, zile ni za kuwekea maua. Nendeni Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, waambieni mnataka jiko kumi na mbili za saizi moja, midomo ilingane ili sufuria zote zikae sawa, maana jiko likitofautiana mshindani atalalamika na atakuwa na haki. Agizeni na masinia mazito ya kupalia, yale mepesi yanapinda makaa yakikaa juu. Waulizeni pia wawaonyeshe zile oveni za bati ziko na droo ya makaa juu na chini, pengine mtapenda. Mfike kabla ya saa tatu asubuhi, baadaye nyundo zikianza hamtasikizana bei. Na mkifika, mtu wa kwanza akiwatajia bei, nyamazeni tu mwangalie jiko, msiseme mmetoka TV.

Mkitaka mtu wa kwenda na nyinyi, Jumanne na Alhamisi mimi huwa sina oda.

Wenu,
Muokaji wa Umoja, mjukuu wa mama mahamri wa Majengo